Kangaruu Aliyealikwa Arlington

Bila ngamia, kangaruu asingekuja, kwa hiyo lazima nianze na ngamia.

Ngamia alikuwa wa Houston. Mama mkubwa, dada mkubwa wa mamangu, alimwoza bintiye huko, na bwana harusi akaingia uwanjani juu ya ngamia. Ngamia kamili, mwenye meno na harufu, aliyekodiwa shambani pamoja na mtu wa kumshika kamba. Sisi watu wa Mombasa, ambao kwetu ngamia twamwona ufuoni akibeba wageni na hatumtazami mara mbili, tulisukumana kupiga naye picha. Mama mdogo, anayeishi Arlington na ndiye aliyenipokea nilipokuja kusoma chuo nikakiacha, alikula pilau yake kimya. Saa nne za barabara iliyonyooka tukirudi, alisema neno moja tu: "Kwanza yule ngamia hata si mzuri."

Hapo nikajua kwamba zamu yake ikifika, patakuwa na mnyama.

Zamu ikafika. Mama mdogo alikaa miaka kumi na moja katika ndoa bila mtoto. Miaka kumi na moja ya kushika watoto wa watu katika harusi na kuulizwa, "Na wewe je?" na wanawake wanaojua jibu. Alipompata mwanawe, na mwana akakaribia kutimiza mwaka, hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia afanye jambo dogo. Leo hilo nalikubali. Wakati ule nilikuwa nikimcheka moyoni, na usoni nikiandika orodha.

Mimi ndiye mpambaji wa familia. Sijasomea popote. Nimejifunza kwa video na kwa kufungua fundo lile lile la utepe mpaka vidole vikaota malengelenge. Siku za kazi nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Carrollton. Jumamosi na Jumapili napamba harusi na dua za watu wetu. Kwenye mkoba natembea na futi ya kupimia umbali baina ya viti. Watu husema nina jicho. Ni hofu tu. Kiti kikikaa upande naona kwamba watu wote sabini wamekiona, na wanajua ni mimi, na wanajua kwamba chuo nilikiacha.

Mama mdogo aliniita jikoni akanionyesha simu.

"Nimempata. Yuko nje kidogo ya Fort Worth. Waleta mpaka ukumbini."

Kwenye picha kulikuwa na kangaruu mchanga amevikwa nepi na tai ya kipepeo, amepakatwa na mwanamke mmoja kama mtoto wa arubaini.

"Mamdogo, kangaruu wa nini?"

"Houston wana kangaruu?"

"Hawana."

"Basi umejijibu."

Katika jimbo hili nimejifunza kwamba mtu akiwa na ua na gari kubwa, hakuna mnyama atakayemkosa. Mwenye kangaruu nilimpigia mimi, kwa sababu simu za Kiingereza kirefu huwa zangu. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya mtu anayetabasamu bila kupumzika. Akaniambia mnyama ni mmoja wa familia, hulala chumbani kwao, na hupenda watu kupita kiasi. Nikauliza kama hupenda watu sabini. Akacheka, akasema hajawahi kukutana na mtu asiyempenda. Nilikuwa nimeuliza kinyume chake, lakini yeye hakuona tofauti.

Kwa kuwa siwezi kuagiza hata vitambaa vya meza bila kusoma habari zake zote, nilisoma habari za kangaruu wiki nzima. Nilisomea garini, kwenye maegesho ya kazini, saa ya chakula cha mchana, wali ukipoa mapajani. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyowadharau watu. Wanamtoa mtoto kwenye mfuko wa mamake, wanamtia kwenye mfuko wa kitambaa, wanautundika mfuko kwenye kitasa cha mlango, kisha wanamwita mwanangu. Wanamzoeza chupa. Wanamkata kucha. Akikua akaota mapaja ya kumvunja mtu mbavu, familia inakumbuka ghafla kwamba yeye ni mnyama, inamtafutia pa kwenda.

Na katika kusoma nikafika pahali nikaacha kula. Kangaruu akishtuka sana, akarukaruka kwa kiwewe, huenda asife hapo. Husimama, hutembea, kila mtu akashukuru Mungu. Kumbe misuli yake imekwisha kuharibika kwa ndani, na kidogo kidogo huanza kumtia sumu. Siku mbili, tatu, nne baadaye akaanguka. Yaani hofu humuua baada ya jambo lenyewe kupita.

Karatasi aliyonitumia mwenye kangaruu ilikuwa na masharti. Pasiwe na mbwa. Pasiwe na puto za kupasuka. Picha zisipigwe kwa mwali wa taa. Watoto wasikimbie. Nikaisoma mara nne, kisha nikaelewa kilichokosekana. Yule bwana hajawahi kuingia katika shughuli yetu. Hajui kwamba mtoto akiletwa mbele ya watu, wanawake sabini watainua vichwa na kupiga vigelegele vya kupasua paa. Yeye hakuwa na habari ya vigelegele, na wanawake hawakuwa na habari ya ugonjwa ule. Duniani kote, mtu aliyejua yote mawili nilikuwa mimi.

Nikamwambia mama mdogo. Hilo nililifanya, na nataka lihesabiwe.

"Mamdogo, mnyama yule hataki kelele za ghafla. Aweza kufa."

"Kelele gani? Kwani sisi tuna kelele?"

"Vigelegele."

Aliacha kukuna nazi. "Vigelegele ni kelele?"

"Kwake yeye, ndiyo."

"Wataka shughuli ya mwanangu iwe kimya kama watu watoka makaburini? Miaka kumi na moja, halafu niwaambie watu wasifurahi?"

"Wafurahi, Mamdogo. Wangoje tu nusu saa. Mnyama akiondoka, wapige mpaka wachoke."

Akafikiri. Sidhani alimfikiria kangaruu. Nadhani alifikiria kangaruu kufa mbele ya kamera. "Haya. Waandikie. Lakini uandike kwa adabu."

Niliandika ujumbe katika kundi la akina mama la WhatsApp, nikaufuta, nikauandika tena mara sita. Majibu yakaja. Mmoja akauliza, "Tupige makofi ya vidole viwili kama wazungu?" Mwingine akasema mume wake pia ashtuka kwa kelele na hajafa bado. Wa tatu akajibu kwa ujumbe wa sauti: vigelegele virefu, kisha, "Hivi nimevitoa mapema, mpwa, visije vikanikaba." Lakini walikubali, mmoja mmoja. Nikaweka alama kwenye orodha yangu mbele ya kila jina. Nilijiona mtu mwenye akili katikati ya wajinga, na kwa siku mbili nilikuwa na raha isiyo ya kawaida yangu.

Mtu mmoja hakuwa katika kundi lile. Bibi.

Bibi, mama yao wote watatu, alikuwa akija kutoka Mombasa kumwona mjukuu huyu kwa mara ya kwanza. Ndege yake ilikuwa ifike Alhamisi. Ikachelewa njiani, akalala nchi ya watu, na mwishowe akafika Jumamosi yenyewe, saa mbili kabla ya shughuli. Nilikuwa nimekwisha kupanga viti na kupangusa mlango wa kioo wa ukumbini mara tatu mpaka kikawa kama hakipo. Nikaacha kila kitu, nikaenda uwanja wa ndege kumchukua.

Alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, buibui limekunjamana, akiniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyesafiri.

"Umekonda. Mamako mdogo hakupi chakula?"

"Anipa, bibi."

"Basi hukili."

Tulikuwa na dakika ishirini na tano za barabara. Naikumbuka kila taa nyekundu. Nilianza vizuri.

"Bibi, kule ukumbini kuna mnyama."

"Mbuzi? Si walishachinja mwaka jana?"

"Si mbuzi. Kangaruu."

"Yule wa mfuko?" Akacheka mpaka akakohoa. "Ataka nini kwenye dua ya mtoto? Haya mambo ya mamako mdogo. Ni kwa sababu ya ngamia, sivyo?"

"Ni kwa sababu ya ngamia."

"Niliwazaa mwenyewe hawa, lakini wakati mwingine nasema nilibadilishiwa hospitali."

Tukacheka pamoja. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi, mlango wazi kabisa. Ningesema: bibi, tafadhali, usipige vigelegele mpaka mnyama aondoke. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Nikamtazama: mwanamke wa miaka sabini na nane, amevuka bahari kwa ajili ya mtoto aliyemwombea miaka kumi na moja, na mimi, mjukuu aliyeshindwa chuo, nimwambie anyamaze kwa heshima ya mnyama wa kukodi. Nikaona jinsi atakavyogeuka kuniangalia. Nikaona jinsi atakavyoisimulia Mombasa.

Akajishika koo. "Ndege zakausha. Nipe maji. Koo hili leo nalihitaji."

Nilijua alilihitaji kwa kazi gani. Nikafungua chupa kwa mkono mmoja nikampa maji. Akanywa yote. Nami nikajiambia kwamba amezeeka, amechoka kwa safari, sauti haitamtoka.

Ukumbini mambo yalikuwa mazuri kuliko nilivyowahi kupamba maishani. Wanawake walikaa kwa adabu ya kutia shaka. Mwenye kangaruu alikuwa amefika, mwanamume wa ndevu nyekundu aliyevaa buti safi mno kwa mtu wa shamba. Alikuwa ameweka kizimba cha plastiki pembeni, karibu na mlango wa kioo, na ndani yake mnyama amekaa kwenye mfuko wake wa kitambaa, masikio tu yako nje, kila sikio likigeukia upande wake. Watoto walikuwa wakiulizana kwa Kiingereza kama atapiga ngumi. Mwenyewe akamtoa mfukoni, akamvika tai. Mnyama akasimama pale na mikono yake mifupi mbele ya kifua, kama mgeni aliyekosea harusi na anaona haya kuondoka.

Mama mdogo akamleta mwanawe kwenye kizimba ili picha ipigwe. Mtoto alimtazama kangaruu, kangaruu akamtazama mtoto. Wanawake wakapiga makofi ya vidole viwili. Nikasema moyoni, imewezekana.

Bibi akaingia, nimemshika mkono. Akamwona binti yake amesimama na mtoto mikononi. Akauachilia mkono wangu.

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile, wala sidhani nitasikia tena. Havikuwa na uzee ndani yake. Vilitoka kana kwamba vilikuwa vimekaa kifuani tangu siku mama mdogo alipoolewa. Na wanawake walipomsikia mama mtu mzima amepiga, ahadi yao kwangu ikaisha. Mzee hawezi kuachwa apige peke yake, angekuwa ametupwa. Wakainuka wote sabini, wakamwitikia.

Kangaruu aliruka kizimba bila kukigusa. Akaenda moja kwa moja kwenye mwanga, pale nilipopangusa mara tatu. Akakipiga kioo kwa kichwa, akaanguka, akainuka, akakipiga tena. Mara ya tatu alipiga kwa ubavu. Mwenyewe akamrukia na ule mfuko, akamfunika, akakaa chini amemkumbatia. Mfuko ulikuwa ukitetemeka wote. Vigelegele vikaisha kidogo kidogo, kwa sababu walio nyuma hawakuwa wameona.

"Ni mzima, ni mzima," mwenyewe akasema, bado anatabasamu. "Ameshtuka tu."

Mama mdogo alimgeukia mpiga picha. "Wewe, elekeza huku. Keki!"

Keki ikakatwa. Bibi akakaa na mjukuu mapajani, akauliza, "Yule mnyama ana nini?" Mtu akamjibu kwamba amechoka. Mimi nilikuwa nikinyoosha vitambaa vya meza ambavyo havikuwa vimekunjika.

Siku zilizofuata nilimpigia yule bwana kila mchana nikiwa maegeshoni. Jumapili kangaruu alikuwa amekula. Jumatatu alikuwa akitembea lakini miguu migumu, na mwenyewe akadhani ni baridi ya usiku. Nikamwambia nilichosoma, nikamsihi amwite daktari wa wanyama. Akasema yeye anawajua wanyama wake. Jumanne kangaruu hakuinuka. Hapo akamwita daktari. Jumatano nikapata ujumbe wenye kijiuso kinacholia: ametuacha. Chini yake aliniuliza kama ningependa kuandika maneno mawili mazuri kwenye ukurasa wake, maana mapambo yetu yalikuwa ya kupendeza.

Nilimdharau sana mtu yule. Nilimdharau kwa wiki nzima, kwa bidii, kwa sababu kumdharau yeye kulikuwa na nafasi ya kutosha na mimi nikae humo nisionekane. Nilimdharau na mama mdogo, aliyeiweka video ya shughuli mtandaoni, ikikatika pale mtoto na mnyama wanapotazamana, kisha moja kwa moja keki. Houston walipiga simu kupongeza. Alipoambiwa kwamba mnyama amekufa, alisema, "Usimwambie bibi. Wala Houston wasijue."

Kwa hiyo kila asubuhi bibi aliniuliza akinywa chai, "Yule wa mfuko, vipi hali yake?"

"Mzima, bibi."

"Alhamdulillahi. Nilimwogofya masikini."

Siku kumi baada ya kifo kile nilikuwa nampeleka bibi Houston, kwa mama mkubwa, amalize mwezi wake huko. Alikaa mbele, karibu nami, akiuliza mashamba yale ni ya nani na kwa nini hayana watu. Nusu ya njia tukasimama kwenye kituo kikubwa cha mafuta, pale ambapo watu wote wa njia ile husimama. Akajinyoosha, akala kipande cha mahamri yake mwenyewe akiwa amesimama kando ya gari, hakuviamini vyakula vyao. Kisha akatoa simu.

"Nipigie yule bwana mwenye mnyama. Ile ya kuonana uso."

"Wa nini, bibi?"

"Nimwone kangaruu, nimpige picha akiwa kwake. Mamako mkubwa atanitambia ngamia wake mwezi mzima. Nataka niwe na cha kumjibu." Alikuwa akicheka. "Na nimwambie mwenyewe samahani. Mimi ndiye niliyeanza."

"Bibi, amekufa."

Akakishusha kile kipande cha hamri.

"Lini?"

"Siku ya nne."

"Kwa kioo?"

"Kwa mshtuko. Wakishtuka, hufa baadaye. Ndivyo walivyo."

"Nani asema?"

"Nilisoma."

Bibi hakusoma shule zaidi ya chuo cha Kurani, lakini huuliza swali kama fundi anayetafuta pahali ukuta ulipopasuka. "Ulisoma kabla au baada?"

Ningesema baada. Gari zilikuwa zikipita, watu wakibeba vikombe vyao vikubwa kama ndoo, hakuna ambaye angejua.

"Kabla."

"Tulipokuwa garini, siku ile natoka uwanja wa ndege, ulijua?"

"Nilijua."

"Na wenzangu ukumbini walijua?"

"Niliwaandikia. Walikubali kungoja."

"Wote?"

"Wote."

"Ila mimi." Akanitazama, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. "Nikakuomba maji."

"Nikakupa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuonea haya, bibi. Nilidhani nitakuvunjia heshima."

"Heshima." Alilitamka kama neno alilolikuta sakafuni. "Nimekaa na mama mkwe wangu miaka ishirini chini ya paa moja. Nimenyamaza wakati wa kusema na wakati wa kulia. Kama kuna kazi moja ninayoijua hapa duniani, ni kunyamaza. Wewe ukaona siwezi kunyamaza nusu saa? Wanawake wote wale waliweza, mimi ndiye uliyeniona mtoto wa kuachwa apige kelele mpaka achoke?"

"Sikuona hivyo."

"Uliona hivyo. Halafu siku kumi waniambia mzima, mzima, na mimi namshukuru Mungu mbele yako."

Nilikuwa na maelezo mengi sana, yamepangwa vizuri, na hakuna moja lililokuwa jibu. Bibi akayafunga yale mahamri kwenye karatasi yake. Nikaenda nikamfungulia mlango wa mbele, nikaushika wazi. Akanipita. Akafungua wa nyuma mwenyewe, kwa taabu, maana mlango mzito, akaingia, akajifunga mkanda.

"Endesha," akasema.

Nikaendesha saa mbili na bibi yangu nyuma kama abiria wa kulipa. Niliwahi kusema, "Baridi, bibi? Nipunguze?" Akajibu, "La." Hayo ndiyo mazungumzo yetu mpaka Houston.

Mama mkubwa alikuwa akingoja nje ya nyumba, amejifunga vizuri, amekwisha kuanza kucheka kwa furaha. Akaja kufungua mlango wa mbele, akakuta kiti kitupu. Akainama kuangalia nyuma.

"Mama! Mbona umekaa nyuma, na mbele pako wazi?"

"Muulize dereva," bibi akasema.

Mama mkubwa akanitazama juu ya paa la gari. Alikuwa mtu wa mwisho duniani ambaye mama mdogo angetaka ajue. Nikazima gari, nikatoka, nikasimama upande wangu, nikamweleza tangu nilichosoma maegeshoni mpaka siku ya nne. Nilipotaka kumsema mwenye ndevu nyekundu niliacha, nilipotaka kumsema mama mdogo nikaacha pia. Hadithi ilikuwa ndefu hata hivyo. Bibi hakushuka mpaka nilipomaliza.